Dawa ya usingizi ikiingia, mtu huenda wapi?

Maswali ya mwezi huu yamekuja kwa mkupuo, na karibu yote yanazunguka jambo moja: fahamu ni kazi ya ubongo tu, au kuna kingine? Mhariri alitaka kuyapeleka kwa profesa wa falsafa. Nikamwambia aniachie. Kazi niliyofanya mpaka nikastaafu ilikuwa kuwalaza watu kabla hawajapasuliwa, na hao maprofesa wanapenda mno kutoa mifano kutoka chumba chetu.

*Shikamoo Mama. Mume wangu amepasuliwa ngiri kwa nusu kaputi. Anasema alikuwa anahesabu, kufumbua macho yuko wodini. Siku tuliyomkaribisha nyumbani, mdogo wangu ambaye ni mwalimu wa biolojia alisema hiyo ndiyo dalili kwamba hakuna roho, ubongo ukizimwa mtu hayupo. Anauita msimamo wake uyakinifu, kwamba vyote vilivyopo ni maada na kazi zake. Shemeji yangu mchungaji akamjibu kwamba ubongo ni redio na roho ni kituo. Redio ikizimwa kituo hakijafa. Walibishana mpaka pilau likapoa. Nani yuko sahihi? Na mume wangu alikuwa wapi?*
Msomaji, Singida

Marahaba mwanangu, na pole kwa pilau.

Nianze na mdogo wako, maana ana pa kusimamia. Mtu mzima wa kilo 70 hulazwa kwa propofoli kama miligramu 140. Hiyo ni mililita 14 za dawa nyeupe inayowasha kidogo ikipita kwenye mshipa. Unamwambia ahesabu. Wengi huishia njiani kabla ya thelathini: ulimi unakuwa mzito, namba moja inarudiwa mara mbili, kisha kimya. Unagusa kope kwa ncha ya kidole, hazichezi. Taya linalegea, na hapo hapo unalinyanyua kwa vidole, la sivyo ulimi unaanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Inachofanya dawa hiyo kinajulikana. Inavishika vipokezi vya GABA, vile vinavyozituliza seli za neva, na kuviongezea nguvu ya kutuliza. Hata zenoni, gesi ambayo ni nadra mno kuungana kikemia na kitu chochote, inamlaza mtu; ilianza kutumika kwa upasuaji mwaka 1951. Ni ghali, kwetu sikuwahi kuiona. Lakini ikiwa roho inajitegemea, mchungaji atueleze kwa nini gesi kama hiyo inaipokonya habari za nusu siku.

Na ile redio yake haimsaidii. Redio ikianguka sauti inakwaruza au inakatika, ila msomaji wa taarifa ya habari habadiliki tabia. Ubongo ukiumia hubadilika huyo huyo msomaji. Mwaka 1848, huko Vermont Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtaimbo ulioingia shavuni ukatokea utosini. Alipona, akatembea, akazungumza. Daktari wake aliandika baadaye kwamba rafiki zake walimwona si Gage tena. Wala hatuna haja ya kwenda Vermont. Nani hapa hajaona mzee mpole akitoka kwenye kiharusi akiwa mtu wa kutukana wajukuu?

Swali la roho inausukumaje mwili si jipya. Mei 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyefundisha kwamba roho na mwili ni vitu viwili: kitu kisicho na umbo wala mahali kinawezaje kuusogeza mwili? Alijibiwa kwa barua ndefu, na aliendelea kuuliza. Miaka 91 baadaye akatokea Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto na kuja kufundisha vyuo vikuu vya Halle na Jena. Katika tasnifu yake ya 1734 alisema kuhisi ni kwa mwili wenye uhai, akili haihisi, na akamwambia Descartes wazi kwamba anajipinga. Huyu ningependa wanafunzi wetu wamsome kabla ya wengine wote.

Sasa mdogo wako asishangilie mapema.

Hospitali zetu za wilaya zimebebwa na ketamini, dawa nyingine ya usingizi, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962. Haidai mashine kubwa, na kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Ukimpa, macho yanabaki wazi na kucheza polepole upande huu na ule. Mate yanamjaa, pengine mkono unanyanyuka na kubaki hewani. Kisu kinapita, hashtuki. Ungeniuliza nikiwa nimesimama pale kichwani kwake, ningesema huyu hayupo. Mama mmoja niliyemlaza kwa ketamini akakamuliwa jipu la paja aliniambia alipozinduka kwamba muda wote ule alikuwa amekaa ndani ya rangi ya kijani, na kijani hicho kilikuwa na upana. Alikuwa na hasira kwamba tumemtoa.

Halafu kuna midazolamu, dawa ya kutuliza. Ukimpa mtu kiasi kidogo, mnaongea. Anakwambia "hapo panauma," unamwongezea dawa ya maumivu, anashukuru. Jioni anakuapia kwamba hakusema neno.

Kwa hiyo maneno ya mume wako, kwamba alihesabu kisha akajikuta wodini, yanatuambia amekumbuka nini. Hayatuambii kulikuwa na nini wakati ule. Mwaka 1977 daktari Michael Tunstall alieleza mbinu ya kuuliza papo hapo. Unafunga mkanda wa presha kwenye mkono mmoja na kuujaza upepo kabla ya kutoa dawa ya kulegeza misuli, ili dawa hiyo isifike kiganjani. Mwili wote unalegea ila kiganja kile. Kisha unainama sikioni: ukinisikia, nibane mkono. Utafiti wa aina hiyo uliofanywa katika nchi kadhaa na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuwa na wagonjwa 260. Baada ya kuwekewa mpira wa kupumulia, 12 walibana. Watu wa namna hii ni nadra kukumbuka chochote baadaye. Usimsomee mume wako aya hii usiku. Mtu aliyelazwa vizuri kwa dawa za kawaida, nadhani hakuwa popote. Ila angalia nimeandika nadhani.

Hapa ndipo ninapoachana na mdogo wako. Mashine yetu inaonyesha mapigo, presha, oksijeni, hewa chafu inayotoka. Kumjua anayehisi, tunauliza. Maumivu tunayapima kwa kumwuliza mtu: kati ya sifuri na kumi, ni ngapi? Kipo kifaa cha kubandika kwenye paji kinachosoma mawimbi ya ubongo na kutoa namba kati ya 0 na 100. Kwa upasuaji hutafutwa kati ya 40 na 60. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu 10 walikubali kulegezwa misuli wakiwa macho kabisa, bila tone la dawa ya usingizi. Namba zikashuka mpaka mahali ambapo daktari angesema haya, kata. Kifaa kilichanganya utulivu wa misuli na utulivu wa mtu. Ukimpa mgonjwa ketamini, mara nyingi kinafanya kinyume: amelala na namba haishuki.

Mwalimu wa biolojia atasema hicho ni kifaa kibovu, kitakuja kizuri. Naamini kitakuja. Lakini hicho kizuri tutakihakikisha kwa nini? Kwa watu watakaosema "nilikuwepo" au "sikuwepo." Tutarudi kwenye kauli na kumbukumbu, ambavyo ndivyo dawa zangu zinavyoviiba kwanza.

Wanafalsafa wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1956 U. T. Place, aliyekuwa akifundisha Adelaide, Australia, aliandika kwamba hakuna kosa la kimantiki katika kusema fahamu ni tukio la ubongo, vile vile radi ni umeme unaoruka mawinguni. Aliusia ubongo wake uhifadhiwe na chuo kile kile. Umewekwa kwenye kabati la kioo na kibao kinachouliza kama ubongo huu ndimo ilimokuwa fahamu ya U. T. Place. Nampenda mtu aliyeacha swali lake wazi kiasi hicho. Thomas Nagel akaja mwaka 1974 na popo. Usimfikirie yule mkubwa wa kwenye miembe, huyo hutegemea macho. Ni wale wadogo wa darini wanaopiga ukelele na kusikiliza mwangwi. Ujue kila mshipa na kila seli ya popo huyo, alisema, bado hujajua kuwa popo kunahisiwaje na popo mwenyewe. Daniel Dennett, aliyefariki Aprili 2024, alijibu kwamba hakuna kilichobaki cha kueleza: ukishaeleza anachofanya na anachosema mtu, umemaliza. Dennett alikuwa mjanja, na ukimsoma haraka unaweza kukubali. Mimi nimekaa na akina mama waliomaliza upasuaji wa uzazi na dawa ya maumivu stoo hakuna. Siwezi kuwaambia kwamba kuumia kwao ni jinsi wanavyosema na wanavyojikunja, basi.

Msimamo wangu ni huu. Ningeweka shilingi yangu upande wa ubongo, kwa sababu kila nilichokiona kinavutwa na miligramu. Uyakinifu umeeleza vizuri kwa nini mtu hasogei, hajibu, hakumbuki. Kila kimoja kina dawa yake na seli zake. Kwa nini seli zikifanya kazi hiyo awepo wa kuumia, badala ya kazi kufanyika tu pasipo wa kuihisi, hilo haujaeleza, na anayesema limeshaelezwa anakopa jibu la kesho. Shemeji naye asifikiri deni hilo linalipwa kwake. "Roho" haimwambii kwa nini mililita saba hazitoshi na kumi na nne zinatosha.

*Assalaam alaykum Bi. Ustadhi wetu ametusomesha mfano wa Ibn Sina: mtu ameumbwa mara moja, mzima, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani, hasikii wala hahisi kitu. Hata hivyo anajua kwamba yeye yupo. Je, hiyo si hoja tosha kwamba nafsi si mwili?*
Msomaji, Wete, Pemba

Wa alaykumu salaam. Mfano mzuri, na Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037) alikuwa tabibu, hakuwa mtu wa kuudharau mwili. Nitakupa binamu yake kutoka chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya mgongo yuko macho, mnaongea habari za mavuno ya karafuu. Chini ya kiuno hahisi kitu. Anaamini miguu yake bado imelala vile ilivyokuwa mara ya mwisho alipoihisi. Daktari anaunyanyua mguu ili aupake dawa, mgonjwa anauona ukipita juu ya shuka na kuuliza: huo mguu wa nani? Nimeulizwa hivyo na watu wenye akili zao timamu.

Ibn Sina yuko sahihi kwamba kujijua si lazima kupitie viungo. Mgonjwa wangu amepoteza nusu ya mwili na "mimi" yake haijapungua hata kidogo. Lakini kutoujua mwili si sawa na kutokuwa nao. Yule mgonjwa hajui kwamba mguu ni wake, na bado ni wake, na kesho utamuuma. Mtu anayeelea vilevile huenda anajijua kwa ubongo asiojua kwamba anao. Mfano unaonyesha tunavyojijua. Tumeumbwa kwa kitu gani, hausemi. Hapo ustadhi wako ana aya ya 85 ya Surat Al-Israa, inayosema roho ni katika mambo ya Mola na kwamba ilimu tuliyopewa ni kidogo. Kama ndiyo anayoitegemea, mimi sina ugomvi naye. Asiniambie tu kwamba Ibn Sina ameshamaliza kazi.

*Mama, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mhadhiri alituambia wanasayansi waliweka dau juu ya swali hili na upande wa sayansi ukashindwa. Ni kweli? Na je, hizi programu za akili mnemba zinazosema "nahisi" tuziamini?*
Msomaji, Morogoro

Dau ni la kweli, kushindwa kumetiwa chumvi. Mwaka 1998 mjini Bremen, Ujerumani, mtafiti wa ubongo Christof Koch alimwekea mwanafalsafa David Chalmers kasha la mvinyo: ndani ya miaka 25 itapatikana alama iliyo wazi ya fahamu katika seli za ubongo. Juni 2023, New York, Koch alipanda jukwaani akakubali na mvinyo ukatolewa. Kilichomwangusha ni muda, maana ulikwisha na alama haijawa wazi. Nadharia mbili zilikuwa zimepambanishwa kwa jaribio lililokubaliwa na pande zote, lenye washiriki 256, na matokeo yakatoka katika jarida la Nature mwaka 2025. Moja inasema fahamu ni taarifa inapotangazwa ubongo mzima, na sehemu za mbele zina kazi kubwa. Ya pili inasema ni jinsi taarifa zilivyofungamana, hasa sehemu za nyuma. Zote mbili ziliangukia pua kwenye baadhi ya ubashiri wake.

Kinachonitatiza zaidi ni hesabu hii. Ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na karibu bilioni 69 ziko katika serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Mwaka 2014 madaktari wa China waliripoti mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa hana serebelamu. Alitembea kwa kuyumba na maneno yalimtoka kwa taabu kidogo, lakini fahamu zake zilikuwa timamu. Kwa hiyo wingi wa seli hautoshi, na umeme hautoshi. Ni mpangilio fulani. Upi, na kwa nini huo, ndilo dau la miaka mingine 25.

Kuhusu akili mnemba: imesoma maandishi ya watu wanaosema "nahisi," nayo inasema "nahisi." Kwa mgonjwa, kauli ni ushahidi wangu mkuu kwa sababu yeye ni mtu kama mimi na ana ubongo kama wangu. Ukiondoa kufanana huko, kauli peke yake ni hafifu sana. Nisingekata shauri kwa hiyo, wala upande wa pili.

*Mama, baba alipata ajali ya bodaboda. Macho yanafunguka lakini haongei, hafuati kidole, hatubani mkono. Daktari amesema hana fahamu. Ndugu wengine wanasema tuache kuhangaika kumsemesha. Anatusikia?*
Msomaji, Kisumu

Pole sana. Hili nalijibu polepole, kwa sababu si mjadala wa mezani.

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa katika hali kama ya baba yako baada ya ajali ya barabarani. Walimweka ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, wakamwambia awaze anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga miendo ikaamka kama ya mtu mwenye afya. Wakamwambia awaze anatembea nyumbani kwake, chumba hadi chumba. Zikaamka sehemu nyingine, zile zile zinazoamka kwetu. Mwaka 2024 utafiti mkubwa wa vituo kadhaa ulipima wagonjwa 241 wasioonyesha kuitikia amri yoyote. Kwa 60 kati yao, ubongo uliitikia.

Hiyo ni robo. Robo tatu haikuonyesha kitu, na sitaki ujenge nyumba juu ya ile robo. Tena vipimo hivyo ni vya watafiti. Usiuze ng'ombe kuvifukuzia. Mwulize daktari maneno haya hasa: amepimwa kwa utaratibu, zaidi ya mara moja, saa tofauti za siku, dawa za kutuliza zikiwa zimepungua? Mgonjwa huyu huyu anaweza asijibu asubuhi na akafuata kioo kwa macho jioni. Jaribuni kioo cha kujitazama, kipitisheni mbele ya macho yake taratibu. Uso wa mtu mwenyewe huvuta kuliko kidole cha daktari. Mkiona anafuata, mwiteni muuguzi aone.

Na kumsemesha, msemesheni. Kwa lugha aliyoizoea nyumbani, kwa sentensi fupi, mtu mmoja mmoja, mkimwambia ni nani anayeongea na ni siku gani. Akikoroma kwa mate, mwiteni muuguzi kabla ya kuendelea na hadithi. Mambo ya bili, na nani atabaki na shamba, yazungumzieni nje ya wodi, mbali na mlango.